Mkwe Aliyeingia na Matope

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja aliniuliza tukimenya kahawa, mwingine mlangoni mwa kanisa, na wa tatu alijifanya amekuja kuazima randa. Swali lenu ni moja: ni kweli nimekula chungu kimoja na mama mkwe wangu? Ni kweli. Nikiishia hapo mtasema nimerukwa na akili, na nikianza kumweleza kila mtu nimesimama, kabati la watu ninalolichonga halitakwisha. Kwa hiyo nimeketi nikaandika. Someni kwa zamu, na mkimaliza msiniulize tena.

Wengi wenu mmeoa hapahapa Mbozi, na mwiko wa ukwe mnaushika nusunusu. Mimi nilioa kwa Wanamwanga wa Tunduma, na katika nyumba ile hakuna nusu. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hamsemeshi, hali mbele yake, wala hakai naye chini ya paa moja. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Mambo hayo huisha siku mkwe anapoingizwa. Siku hiyo wenye nyumba hupika ugali wa ulezi, kuku, kunde na kila chakula cha kwao, wakamwita ndani, wakamlisha, na tangu hapo akawa mtoto wa nyumba. Msidhani ni malipo ya kumaliza mahari. Wapo waliomaliza mahari zamani na bado wanasimama uani mvua ikiwanyea. Siku ya kuingizwa huijua wenye nyumba, na mkwe hana la kusema. Mimi nilikuwa na watoto watatu na bado nasimama uani.

Mbozi hadi Tunduma

Sababu ya safari ni Mama Mkubwa, dada yake mama mkwe, aliyeolewa Ivuna kwenye chumvi. Habari zilikuja kwamba anaumwa, miguu imekwisha, mavuno hatayaona, na kwamba kuna jambo moja analitaka kabla hajafa, nalo ni kubatizwa. Mwalimu wa kanisa la huko amekataa. Mama Mkubwa ni mke wa pili wa mzee mwenye wake wawili, ananusa ugoro, na darasa la ubatizo limemshinda. Mama mkwe, aliyebatizwa tangu usichana wake, alituma neno kwamba atakwenda mwenyewe akamsikilize huyo mwalimu. Wanawe wa kiume wote wako migodini Rhodesia. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Akabaki mkwe.

Mimi nilicheka. Mke wangu hakucheka. Alisema mama hawezi kushuka Rukwa peke yake, na kwamba mimi nina baiskeli, na baiskeli haina ukwe na mtu. Hilo la mwisho sikulielewa, lakini mwanamke mwenye mtoto mchanga habishiwi.

Nilipata lori la mizigo lililokuwa likirudi Rhodesia ya Kaskazini. Dereva alikuwa Mbemba mwenye adabu nyingi, kila neno lake likiishia na "mukwai", ila tope la barabara ile halijui adabu. Tulikwama hata nusu ya njia hatujafika. Tukashuka tukasukuma, tukakata matawi tukayatupa chini ya magurudumu, tukasukuma tena. Mama mmoja wa pale kando aliona riziki imemfuata mlangoni, akaja na moto na mahindi mabichi, nasi tukala mpaka makaa yake yakaisha. Lori lilipong'oka lilikwenda mbele na dereva peke yake, likaogopa kusimama mpaka lipate mahali pakavu, na sisi abiria tukalikimbilia kilima kizima. Niliingia Tunduma jioni na baiskeli yangu, udongo mpaka masikioni.

Mama mkwe alikuwa ameketi kibarazani amenipa mgongo, mzigo wake umefungwa tayari. Nilipiga goti mbali, nikapiga makofi ya salamu. Aliitikia bila kugeuka. Kisha akasema, macho yake barabarani, "Baiskeli, hujambo? Njia ilikuwaje?"

Nikatazama huku na huku. Ndipo nikayakumbuka maneno ya mke wangu.

"Mwambie mama njia ilikuwa mbaya, lakini tumefika," nikaiambia baiskeli.

"Mwambie aoge ale," akasema. "Na mwambie kesho tunaondoka jogoo akiwika."

Hivyo ndivyo tulivyosemeshana. Baiskeli yangu ni kuukuu, kengele haina, lakini kwa safari ile ilifanya kazi ya mshenga.

Tunduma hadi Chitete

Yeye alitangulia, mimi nikafuata kwa mbali nikiisukuma baiskeli na mizigo yote juu yake. Ile njia haipandwi baiskeli, ni mawe na mizizi. Ubaya ni kwamba aliyetangulia hamwoni aliyesimama nyuma. Tairi lilipopasuka niliipigia baiskeli kelele ili mama asikie, upepo ukayachukua maneno yote, naye akaenda zake. Nilipomfikia alikuwa juu ya jiwe, mgongo kwangu, akiiambia baiskeli kwamba kuna watu ukiwaacha peke yao wanalala.

Chakula nacho kilikuwa kazi. Alipika ugali na mboga ya kunde, akaweka sehemu yangu kwenye bakuli juu ya kisiki, akaondoka akajificha nyuma ya kichaka akale chake. Nami ndipo nikakaribia kisiki, nikachukua bakuli, nikatafuta kichaka changu. Nikimaliza, narudisha bakuli kisikini, najitenga, yeye anakuja kuosha. Chakula kimoja kilitumia muda wa vyakula viwili. Sikulalamika. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kwamba katika nyumba ile mimi ni mtu wa nje, na nikajiambia nikizidi kuleta vitu, siku moja watachoka wataniita.

Karibu na Chitete tulipatana na Mndali mmoja wa Ibaba, anakwenda kubadilisha maharage yake kwa chumvi. Alikuwa mtu mwema mwenye maneno mengi. Aliposikia tunavyosema na baiskeli alinyamaza kwa kitambo, na sidhani kama hunyamaza mara nyingi. Kwao anayejificha ni mke wa mtoto, humkimbia baba mkwe. Mwanamume kumkimbia mama wa mke wake hakuwahi kuona. Basi akakata shauri kwamba tumegombana, na kwamba Mungu amemleta atupatanishe.

Alianza na mimi, sauti ya chini, akataka kujua nimemkosea nini mama wa watu. Nikasema sijamkosea. Akasema ndivyo wanavyosema wote. Akaharakisha akamfikia mama mkwe, akamsihi anisamehe, na ili msamaha uwe kamili akamtajia makosa ambayo pengine nimeyafanya: ulevi, kumpiga mke, uvivu wa shamba. Niliyasikia yote. Mama mkwe hakukanusha hata moja. Alimwambia tu kwamba kosa la mkwe ni kuwa mkwe, akaendelea na mwendo.

Huko Chitete Mndali alipata wateja wa maharage na hakuona haja ya kushuka tena. Wakati wa kuagana alinitilia konzi mbili za maharage kwenye kitambaa, akasema nimpe mama kama kifuta machozi. Niliipa baiskeli, mama akachukua.

Kibandani, chini ya Chitete

Kutoka Chitete njia inaanza kuinama kuelekea bondeni. Kuna mto mdogo pale, unaokwenda kumwaga maji katika mto Momba, ambao siku nyingine ungeuvuka bila kuvua viatu. Siku ile ulikuwa umejaa na unabeba magogo. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja. Halafu mvua ikarudi, mvua nene ya mchana, na mahali pakavu palikuwa pamoja tu, kibanda cha kufukuzia ndege na nyani pembeni ya shamba la ulezi. Paa moja, mlango mmoja.

Mama mkwe akaingia. Mimi nikabaki nje na baiskeli chini ya mti usio na majani ya maana. Aliwasha moto, nikaona moshi unapita nyasini. Nikasikia anasonga ugali. Mvua iliingia kwenye ukosi ikatokea kwenye suruali, na meno yakaanza kugongana. Nilikuwa na hasira, niseme kweli, ila sikujua hasira hiyo nimwelekeze nani. Mwiko hauna uso.

"Mkwe," akaita.

Hakusema baiskeli. Nikadhani ni mvua.

"Mkwe, ingia."

Nikaigeukia baiskeli upesi. Nikaiomba imwambie mama kwamba kibanda hiki si cha kwetu, kwamba kuku hakuna, mashangazi hawapo, hakuna wa kupiga kigelegele, na mahari yenyewe bado haijakwisha. Nikamaliza kwa kusema kwamba sina kitu mkononi. Hilo ndilo lililonikaba kuliko yote, maana tangu nimwoe binti yake sikuwahi kufika mlangoni kwake mikono mitupu.

"Sisemi na baiskeli," akasema. "Nasema na wewe. Anayemwingiza mkwe ni nani?"

"Ni mama."

"Basi mama amesema ingia. Na ukitafuta kitu cha kuleta, utakuwa umenitukana."

Niliingia. Nilijaza kibanda matope, nikawa sijui nitazame wapi. Alimega tonge, akachovya kwenye mchuzi wa samaki mkavu, akaniwekea kiganjani kama inavyotakiwa. Nikala mbele yake. Kisha nikamtazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na anafanana na mke wangu kuliko nilivyodhani. Machozi yalinitoka. Baadaye niliwaambia watu kwamba ulikuwa moshi, lakini ninyi ni rafiki zangu: haukuwa moshi. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua kama nilikuwa nikiingoja.

Tulipokuwa tunakwangua chungu nikapata ujasiri, nikamwuliza kwa nini alikawia miaka yote ile.

"Kila nilipotaka kukuita, ulikuja na kitu mkononi," akasema. "Mara jembe, mara blanketi, mara kiti ulichochonga. Nikasema, huyu bado ananunua. Nikimwita leo ataona bei imetimia. Nikangoja uje mtupu, wewe huji mtupu."

"Sasa nisilete tena?"

"Lete. Kile kiti kizuri, nakikalia kila siku. Lakini lete kama mwana."

Mvua ilinyesha mpaka jioni. Sikumbuki kama nilijali.

Kushuka Rukwa

Mto ulipopungua tulivuka nimemshika mkono, na kuanzia hapo tukatembea bega kwa bega. Nilidhani sasa njia itakuwa fupi. Kumbe mama mkwe alikuwa ameweka akiba ya maneno ya miaka yote, na mimi ndiye niliyevunja ghala. Alinieleza ugonjwa wa ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine. Alinieleza makosa ya ndoa yangu, ambayo ni mengi kuliko aliyoyataja yule Mndali. Kufika katikati ya mteremko nilikuwa nimeanza kuiona faida ya mwiko.

Bondeni joto linakupokea kama mlango wa tanuri. Tulipata kijiji ambapo walitupa kambale na ugali wa mtama, tukala sahani moja hadharani, na hapo ndipo habari zenu zilipoanzia. Kulikuwa na Wanamwanga wawili wanapanda na chumvi yao kwenda Tunduma. Waliniuliza huyu ni mama yangu mzazi? Mama mkwe akajibu mwenyewe kwamba ni mama wa mke wangu, akaomba wampe chumvi. Mmoja alifunika mdomo. Naona walipanda mlima kwa kasi, maana habari ilifika Mbozi kabla yangu.

Jioni, mama mkwe alipunguza maneno. Akasema anamwogopea dada yake. Kufa hakumtishi, wote watakufa. Anachoogopa ni dada yake kufa huku anaamini kwamba Mungu amemfungia nje. "Amesimama uani maisha yake yote," akasema. "Asife uani." Kisha tukaona moshi wa Ivuna.

Ivuna

Kwa wale wasiofika kule: watu hukusanya udongo wenye chumvi, wanautia kwenye vyombo vilivyotobolewa chini, wanamimina maji, na yale yanayochuruzika ndiyo wanayoyapika mpaka chumvi ibaki. Kila kaya ina majungu na kila kitu kina ladha hiyo, hata hewa. Mama Mkubwa ameifanya kazi hiyo tangu aolewe. Tulimkuta amelala kwenye mkeka, na anayemwosha na kumgeuza ni mke mwenzake, mke mkubwa wa mzee, mama mfupi mwenye mikono ya nguvu. Mzee mwenyewe alikuwa nje anapasua kuni na hakutaka kuongea na mtu.

Mama Mkubwa naye ni mkwe wangu. Aliponiona mlangoni alijifunika uso kwa shuka, mgonjwa vile. Mama mkwe akamwambia huyu nimemwingiza. Shuka ikashuka polepole, akanitazama kwa muda mrefu, akasema nimekonda.

Kisha tukasikia habari yake yote. Miaka mingi nyuma alipita mhubiri, akasimama pale kwenye majungu, akawatangazia kwa sauti kubwa kwamba wokovu ni bure. Sasa watu wa Ivuna wanajua maana ya bure. Mtu bure ni asiyefaa. Kazi bure ni ile isiyozaa kitu. Udongo uliokwisha kuchujwa chumvi ni udongo bure, unamwagwa. Walimsikiliza vizuri, wakamshukuru kwa kusema ukweli juu ya bidhaa yake, wakarudi kazini. Mama Mkubwa alirudi nao.

Baadaye akaja mwalimu wa sasa, na huyu alitaja masharti: darasa, kuacha ugoro, kuyaweka maagizo yote kichwani kwa mpangilio, kuondoka kwa mume. Mama Mkubwa akasema moyoni, hiki sasa ni kitu chenye thamani, kina bei. Akaingia darasani kwa moyo wote. Maagizo yalimponyoka, ugoro alishindwa, na akiondoka kwa mume hakuwa na pa kwenda. Mwalimu akamrudisha mara ya kwanza na ya pili.

"Wa kwanza alisema hakifai kitu," alituambia, macho kwenye paa. "Huyu anasema kina bei nisiyoiweza. Mimi nakufa. Nife nimeshika lipi?"

Mke mwenzake alimgeuza upande wa pili.

Mwalimu alikuja asubuhi iliyofuata, baada ya mama mkwe kutuma neno. Nilitegemea mtu mkali. Alikuwa kijana wa ukoo wa Siame, shati jeupe lililofuliwa vizuri, ameketi ukingoni mwa kigoda kama anayengoja kukaripiwa. Alisema sheria si zake, ni za waliomtuma, na wao humwuliza kila wanapokuja. Alisema anamwonea huruma mama, na niliamini. Kisha akataka kumfariji. Akamwinamia akasema, "Mama, usiogope. Wokovu ni kwa neema. Ni bure."

Mama Mkubwa akamwomba mke mwenzake amgeuze upande wa ukuta.

Mwalimu akatutazama, hajui alichosema. Mama mkwe akavuta kigoda chake karibu.

"Mwalimu, una mke?"

"Ninaye, mama."

"Umeingizwa kwa wakwe zako?"

"Mwaka jana."

"Siku hiyo ulipeleka nini?"

Akatabasamu, swali lilikuwa rahisi. "Siku hiyo hupeleki kitu, mama. Ukipeleka umewatukana."

"Kwa hiyo ulikula chakula cha bure."

"Ndiyo."

"Kilikuwa chakula bure?"

Nje mzee aliacha kupasua kuni.

"Hapana," akasema. "Mama mkwe wangu alikuwa na mbuzi mmoja tu. Alimchinja yule." Kisha akaongeza, wala safari hii hakuwa anamjibu mama mkwe. "Kilikuwa cha bure kwangu. Kwake hakikuwa cha bure."

Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kugeuka kutoka ukutani. Sijui aligeuka saa ngapi, maana hakuweza kugeuka mwenyewe, na mke mwenzake hakuwa amemgusa.

"Na huyu," mama mkwe akaninyooshea kidole, "nimemwingiza juzi kibandani, mahari haijaisha, hakuna shangazi. Muulize alileta nini."

Mwalimu akaniuliza kwa macho.

"Matope," nikasema.

Mke mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Mkubwa hakucheka. Alikuwa anahesabu kitu ndani yake, midomo ikicheza.

"Kumbe mimi ni mkwe," akasema. "Nimesimama nikingoja kumaliza kulipa, na aliyechinja amekwisha kuchinja."

Mwalimu akasema ndiyo. Alilisema kwa sauti ndogo, kama anayelisikia hapo hapo.

Lakini alikuwa mtu wa utaratibu, akarudi kwenye mume. Alisema ataulizwa. Mama Mkubwa akamjibu kwamba miguu ndiyo iliyomwacha yeye, sasa amwache mume kwa miguu ipi. Mke mkubwa akaongeza kwamba kama kuna anayetaka kumtoa mwenzake kwenye mkeka ule, aanze na yeye. Mwalimu akaushika ukingo wa kigoda. Nilimwona anaogopa, na ninyi mnaowajua wakubwa wa misheni mtaelewa kwamba haogopi kivuli. Anaweza kupoteza kazi na nyumba. Kisha akasimama akaomba maji.

Nikatoka kutafuta. Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha na kisima kiko mbali. Yaliyokuwepo ni yale yanayochuruzika kutoka kwenye udongo, yanayongoja kupikwa. Nikaleta bakuli la hayo, nikamweleza. Mwalimu alisema hajui sheria inayokataza maji ya chumvi, na nadhani siku ile hakuwa na hamu ya kuitafuta.

"Jina gani, mama?" akauliza. "Kuna Maria, kuna Elisabeti, kuna Ana."

"Bure," akasema Mama Mkubwa.

"Hapana, mama. Watu watacheka. Wataona nimekutukana."

"Kuna Tabu hapa, kuna Shida, kuna Masumbuko. Mimi ni Bure. Wakicheka utawaeleza, wewe si mwalimu?"

Akambatiza kwa jina hilo. Maji mengi yakaingia masikioni mwa mgonjwa, naye akalalamika kidogo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na shoka mkononi, amelisahau. Halafu tukala, wote chumba kimoja, mwalimu pamoja nasi, kambale na ugali, na Mama Mkubwa akalishwa matonge matatu na mke mwenzake. Alisema chumvi imezidi.

Makaburini

Alikaa siku chache baada ya hapo, akiwa mtulivu, akinusa ugoro wake. Alifariki asubuhi, mama mkwe na mke mkubwa wakiwa wamemshika kila mmoja mkono wake. Mama mkwe alilia sana. Mimi nililia pia, na safari hiyo sikutafuta moshi wa kusingizia. Nilimjua mama yule kwa muda mfupi mno, na nilitaka kumjua zaidi. Jeneza nilichonga mwenyewe kwa mbao za mtumbwi mbovu. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya Ivuna.

Watu wengi walikuja, wa majunguni na wa kando ya ziwa, wa kanisa na wasio wa kanisa. Mwalimu alisoma sala zake vizuri, mpaka akafika mahali pa kumtaja marehemu. Akatutazama, akasema, "Bure, mke wa mzee wetu huyu."

Minong'ono ikapita. Mzee mmoja mvuvi, mtu mzima mwenye fimbo, akajitokeza mbele. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, mimi si mtu wa kanisa lenu," akasema, "lakini mama huyu nimenunua chumvi yake tangu nikiwa kijana. Hakuwa mtu bure. Kwa nini mnamtukana na amekufa?"

Waliochimba waliegemea majembe yao. Mwalimu alitazama kitabu chake, akapindua ukurasa mmoja, akapindua mwingine, nami nikajua kwamba anachokitafuta hakimo. Akakifunga akamkabidhi mke mkubwa amshikie. Akamsogelea yule mzee, akamwuliza kwa heshima kama ameoza binti, na mzee akasema ameoza wanne. Basi mwalimu akaanza na habari ya mkwe.